Kikongwe Ni Kile Chepesi

Wanaoniletea vinyago niwakadirie huanza karibu wote kwa namna moja. Kitu kimefungwa kwenye kanga, kinafunuliwa taratibu, kisha kinatuliwa mikononi mwangu. Macho yao hayako kwenye kinyago, yako kwenye mikono yangu, wanasubiri ishuke. Ikishuka, nyuso zinachanua. "Umeona uzito huo, mzee? Na weusi wake? Hiki ni cha mababu."

Huwa natafuta kwanza kiti niwakaribishe, maana nitakalosema halipokewi vizuri na mtu aliyesimama. Katika uchongaji wa Wamakonde, uzito na weusi ni mashahidi wa upande wa pili. Kinyago kikongwe kweli, kile ambacho makumbusho ya Ulaya yanakifungia kwenye kioo, mara nyingi ni chepesi kama kibuyu kikavu. Rangi yake ni ya udongo au kahawia iliyofifia, kina vishimo vya wadudu, na ukikikuta juu ya meza ya dalali utakipita bila kugeuza shingo. Kile cheusi kinachong'aa, kizito kama jiwe la kusagia, umri wake kwa kawaida haumzidi babu wa aliyekileta. Vingi havimfikii hata baba.

Sababu yake ni rahisi ukifikiri kinyago kilichongwa kifanye nini. Kiswahili chenyewe kinatukumbusha: kinyago ni kitu cha kutisha, ndiyo maana tuna methali kwamba hakimtishi aliyekichonga. Kwa Wamakonde wa uwanda wa Mueda, ng'ambo ya mto Ruvuma, lipiko (wingi wake mapiko) ni kinyago cha kuvaa na kucheza nacho kwenye sherehe za jando na unyago. Kinavikwa kichwani kama kofia ya chuma ya askari, kimeinamishwa nyuma kidogo, na mchezaji anaona njia kupitia kinywa cha kinyago, macho ya kuchongwa yakiwa juu ya paji lake. Mchezaji anaruka, anatikisika, anageuka ghafla, na pengine anafanya hivyo hadi jioni. Hakuna shingo itakayobeba mpingo katika ngoma hiyo. Kwa hiyo fundi alichukua mti laini na mwepesi, akauchimba ndani mpaka ukuta wake ukawa mwembamba, kisha akaupamba: nywele za binadamu zilizogandishwa juu ya fuvu, chale za uso zilizotengenezwa kwa vipande vyembamba vya nta ya nyuki, pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu, rangi ya udongo mwekundu au ya manjano. Upande wa kwetu wa Ruvuma, Newala na Mtwara, desturi ilikuwa zaidi ya vinyago vya uso mtupu, pamoja na kinyago cha mwili, yaani bamba la kifua na tumbo la mwanamke mjamzito ambalo mchezaji mwanamume alijifunga mbele.

Mjerumani Karl Weule alipita nchi hizo mwaka 1906 akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Mkusanyaji anayetaka kujizoeza macho aanzie kwenye makusanyo ya namna hiyo, ambayo tarehe ya kuondoka Afrika imeandikwa. Akishatazama vya kutosha ataacha kuniuliza habari za kinyago cha mpingo cha mwaka 1900.

Mpingo uliingia baadaye, na uliingia kwa mlango wa biashara. Wamakonde wa Msumbiji walivuka Ruvuma kwa wingi wakikimbia kazi za shuruti za Wareno na kutafuta ujira kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Walikuja na tezo zao. Wazungu waliowanunulia walipenda mti mweusi, mgumu, usioliwa na wadudu, na wachongaji wakafuata fedha, kama fundi yeyote mwenye watoto. Kufikia miaka ya 1950 Dar es Salaam ilikuwa na soko, na jina la mfanyabiashara Mohamed Peera halikwepeki katika habari hiyo: aliwapa mafundi magogo, akanunua kazi ambazo wengine walizikataa, akawatia moyo wachonge wanachokiona wao.

Inasimuliwa kwamba Samaki Likankoa alikuwa akichonga mtu wa kawaida, ule mtindo tunaouita binadamu, mkono ukakatika. Badala ya kulitupa gogo akaligeuza kuwa kiumbe asiye mtu, akampelekea Peera, na Peera akakinunua. Mtindo wa shetani umepewa mwanzo huo. Karibu wakati huohuo Yakobo Sangwani alikuwa akipandisha watu juu ya watu kwenye gogo moja, kazi iliyojulikana kwanza kama dimoongo, nguvu, kabla siasa ya baada ya Azimio la Arusha la 1967 haijaipa jina lililoshika mpaka leo, ujamaa. Ukiyajua haya, kazi moja imeshaisha kabla hujashika tochi. Mtu akikuambia mnara wake wa ujamaa ulichongwa kabla ya vita ya kwanza ya dunia, mshukuru kwa chai uondoke.

Sasa tushuke kwenye mti wenyewe, maana hapa ndipo wengi huingizwa mkenge.

Mpingo hauna haraka. Unachukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia unene wa kumfaa fundi, na haukui kwa kunyooka. Shina lake lina mifereji na mikunjo, mara nyingi limeoza katikati likabaki na uwazi. Ukilikata utaona tabaka jembamba la nje lenye rangi ya maziwa mtindi, kisha kiini chenye weusi unaokaribia zambarau. Kiini hicho ndicho kinachozama majini, kwani mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina kilo 1,200 au zaidi, na maji yana 1,000. Ndicho pia watengenezaji wa klarineti na oboe wa Ulaya wamekitafuta tangu karne ya 19, kwa sababu hakinywi maji ya pumzi wala hakibadiliki umbo ovyo.

Fundi huuchonga ukiwa bado mbichi. Ukishakauka unakuwa ni chuma, tezo linarudi mkononi. Anaanza kwa kulizunguka gogo akilitazama, wakati mwingine siku nzima, maana mikunjo yake ndiyo itakayompa bega au mdomo. Mgeni akiona fundi amekaa atadhani anapumzika. Halafu panga na tezo huondoa kilicho kikubwa, patasi na rungu hufuata, kisha tupa, kisha msasa. Nikikaa na vijana napenda kuwakumbusha kwamba msasa ulikuwa mti kabla haujawa karatasi ya dukani: majani yake makavu yana ukakasi, na mafundi wa zamani waliyasugua hayohayo juu ya kazi. Mwisho ni kiwi, ndiyo, ileile ya viatu, au nta, na kitambaa. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua; wazee wengi wa kazi hii wanakohoa.

Kazi nzuri ya Kimakonde inatoka kwenye gogo moja. Hata mnara wa ujamaa wenye watu 20 waliosokotana haukuungwa mahali. Kwa hiyo pitisha ukucha kwenye viungo vyote vinavyochomoza: mkono, sikio, fimbo ya mzee. Ukikuta mstari mwembamba ulionyooka mno, au gundi inayong'aa tofauti, basi ama kimevunjika kikaungwa ama hakikuwa kimoja tangu mwanzo. Kuvunjika na kuungwa si aibu, ila bei inapungua na muuzaji alipaswa kukutajia.

Nyufa zinastahili muda zaidi. Gogo hukauka kuanzia nje. Nje husinyaa wakati ndani bado kumejaa, basi ngozi ya mti hupasuka kuelekea katikati. Ndiyo maana kazi nene iliyobaki nzima kifuani hupasuka, na ujamaa uliochimbwa ukawa kama wavu huvumilia. Mafundi hufunika kazi kwa magunia mabichi au nailoni usiku ili ikauke polepole, na ufa ukitokea huuziba kwa unga wa mpingo uliochanganywa na gundi. Uchunguze ufa kwa tochi. Ukiwa umejaa kiwi na vumbi lililoshikana, ulikuwapo kabla kitu hakijang'arishwa, pengine tangu kwa fundi. Ukiwa msafi na kingo zake ni kali, ulitokea juzi, labda katika chumba chenye kiyoyozi. Ufa peke yake hausemi umri. Nimeona kinyago cha miezi minne chenye ufa unaopitisha sarafu.

Kuhusu mpingo wa bandia, kila mtu anajua ule ujanja wa pamba na spiriti: sugua, pamba ikitoka nyeusi umeibiwa. Naomba tuuache huo ujanja upumzike. Pamba itatoka nyeusi hata kwenye mpingo halisi, kwa sababu huo nao ulipakwa kiwi. La kutazama ni kilichobaki chini baada ya kiwi kuondoka. Fanya hivyo kwenye kitako, mahali pasipoonekana. Kama chini kuna kahawia hafifu au manjano yenye vinyweleo vikubwa vinavyoonekana kwa macho, huo ni mti mwingine uliovishwa koti. Mpingo una nyuzi zilizobanana mno, na kwenye kitako kilichokatwa kwa msumeno utaona zambarau ikijificha ndani ya weusi. Na ukikuta ukanda mweupe wa pembeni umeachwa makusudi, ukawa kilemba cha mwanamke au utepe mgongoni, furahi, maana huo ni ushahidi mzuri kuliko wote. Madalali huupaka rangi nyeusi kwa sababu watalii hudhani ni kasoro.

Nilipokuwa kijana nilinunua shetani mwenye jicho moja kwa mshahara wa miezi miwili. Aliyeniuzia aliapa kwamba kilitoka kwenye nyumba ya padri, kimekaa humo tangu wakati wa Mwingereza. Miaka kadhaa baadaye nikakipeleka kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, kirekebishwe sikio. Mzee mmoja akakipokea, akakigeuza mara moja, akacheka mpaka akaweka tezo chini. "Mwanangu, hiki nilikichonga mimi. Niliharibu mguu hapa, nikauficha na huyu nyoka." Kweli nyoka alikuwa hapo, na mguu haukuwapo. Shetani huyo bado ninaye, na sikio hakunitoza.

Kwenye vinyago vyepesi, vile vya ngoma, ndiko fedha kubwa iliko na ndiko uongo umesomea. Mwigaji hukichonga leo, akakiacha juu ya moshi wa jiko wiki kadhaa, akakifukia karibu na kichuguu, akakisugua kwa chai ya rangi na matope. Anachokisahau ni ndani. Wanunuzi hutazama uso, naye huuzeesha uso. Wewe kigeuze. Lipiko lililochezewa lina ndani yenye historia yake: kingo zimelainika pale zilipogusa mashavu na shingo, mahali pa paji pamekuwa peusi na pana mng'aro wa jasho, na alama za tezo zimefifia kwa kusuguliwa lakini hazijaisha. Kilichobaki ghafi ndani kila mahali, chenye alama kali za tezo, hakijawahi kuvaliwa. Kilicholainishwa ndani kila mahali kwa usawa kimelainishwa na msasa, kwa kuwa kichwa cha mtu hakigusi kinyago kila mahali kwa usawa. Jaribu pia kukivaa, kama mwenye nacho anaruhusu. Kisipoingia kichwani, au kinywa chake kikiwa hakikupi njia ya kuona, kilichongewa ukuta.

Wadudu nao wanasema ukweli wasioujua. Dumuzi hula ndani ya mti kwa njia ndefu zilizopinda, kisha hutoka nje kwa tundu dogo la mviringo. Kwa hiyo kwenye kitu kilicholiwa baada ya kuchongwa utaona matundu tu. Ukiona juu ya shavu mfereji mrefu ulio wazi, nusu ya njia ya mdudu imelala nje kama mto uliokauka, basi tezo lilipita baada ya mdudu: mti ulikuwa umeshaliwa, ndipo ukachongwa. Mwigaji alichukua gogo bovu ili apate umri wa bure. Vivyo hivyo tundu lililotobolewa kwa msumari huingia moja kwa moja na kukoma, bila kona.

Nywele zichunguzwe kwenye shina, pale zinapoingia kwenye nta. Nta ya zamani imekuwa ngumu, imeshika vumbi, ina nyufa ndogondogo; nta mpya inanukia asali ukiipasha kwa kidole. Rangi ya mafuta ya dukani haimaanishi uongo, kwa sababu wachezaji wenyewe walipaka upya vinyago vyao kabla ya msimu, na walitumia walichokipata. Kinachonitia shaka ni rangi moja tu, iliyopakwa mara moja, ikakwaruzwa kwa ufundi sehemu zote zinazochomoza.

Kuna wanaoniambia wapeleke kipande maabara wapime kaboni. Kwa mti wa karne chache zilizopita kipimo hicho hutoa majibu mapana mno, na tena hupima mti ulipoota, hakipimi siku ulipochongwa. Kipande kikitoka katikati ya gogo la mpingo wa miaka 90, kinyago cha jana kitapata babu kwenye karatasi. Faida yake moja ya hakika ni kumkamata mwongo: mti ulioota baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 hubeba alama ambayo hakuna moshi wa jiko unaoweza kuifuta.

Karatasi ndogo iliyobandikwa kitakoni mara nyingine inashinda maabara. Lebo ya duka iliyoandikwa "Tanganyika" na ambayo ni halisi inaturudisha kabla au karibu na Muungano wa 1964. Saini zina thamani ndogo kuliko watu wanavyofikiri: mafundi wakuu wa miaka ya 1950 na 1960 wengi hawakutia saini, na jina linaloonekana limekwaruzwa jana juu ya kiwi ya zamani litaonyesha mti mpya ndani ya mkwaruzo. Majina makubwa yana bei zake. Kazi za John Fundi zilionyeshwa Paris mwaka 1989 katika maonyesho ya Magiciens de la terre, na tangu hapo kila shetani mwenye mdomo mrefu amepata baba. George Lilanga, aliyefariki 2005, alichonga pia kwa mti mwepesi na kuupaka rangi kali za mafuta, kwa hiyo mtu asichukue kichwa cha safu hii akaenda nacho sokoni kama mizani: chepesi chenye bluu na waridi kinaweza kuwa cha miaka ya 1990, na kikawa kizuri.

Nimebakiza jambo ambalo wakusanyaji huliona kama la wanasheria. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 ikajulikana ni kilekile, na kikarudi nyumbani 2010. Miaka 20 ya mazungumzo kwa kitu ambacho asili yake ilikuwa imeandikwa. Waulize pia Wamijikenda wa pwani ya Kenya habari za vigango, nguzo za kuwakumbuka wafu. Nguzo haiuzwi, kwa sababu marehemu hana wa kumuuzia, lakini mamia ziling'olewa zikauzwa kama sanamu za mapambo. Mwaka 2014 makumbusho ya mazingira na sayansi ya Denver, Marekani, yalikubali kurudisha 30. Tazama mguu wa kigango chochote unachoonyeshwa: sehemu iliyokaa ardhini ina rangi nyingine na imeliwa na mchwa. Mkusanyaji wa mpingo hufurahia alama kama hiyo kwamba kitu ni halisi. Hapa uhalisi wenyewe ndio unaokuambia kimeng'olewa mahali kiliposimamishwa.

Kwa Tanzania, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inataka kibali kabla kitu cha kale hakijatoka nchini. Na mpingo wenyewe, pamoja na karibu jamaa zake wote wa Dalbergia, umo tangu Januari 2017 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Tangu mwishoni mwa 2019 kazi iliyokamilika, ikiwa mti wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, haihitaji kibali cha CITES. Mnara wa ujamaa wa mita moja na nusu unapita kilo 10 bila jasho, kwa hiyo uliza kabla hujalipa nauli ya meli.

Ukishakileta nyumbani, kiweke mbali na dirisha na mbali na pumzi ya kiyoyozi. Usikipake mafuta ya kupikia, yananata na kuvuta vumbi. Lipiko lisilazwe juu ya nywele zake, litengenezewe kigingi kinacholishika kwa ndani. Mimi mwenyewe nilikaidi ushauri huu. Desemba iliyopita, usiku, tulisikia mlio sebuleni kama kijiti kinachovunjika, na asubuhi tukamkuta shetani wa jicho moja amepasuka kuanzia begani mpaka kwenye yule nyoka. Nilimulika tochi ndani ya ufa: zambarau tupu, safi. Nimepiga simu Mwenge, nimeambiwa nisizibe mpaka mvua za masika zipite.